Mlinzi Aliyesingiziwa

Katika vijiji vya Masisi na vya Walikale, mtoto akivimba taya, au baba wa nyumba akikonda huku tumbo lake upande wa kuume likiwa gumu kama jiwe, maneno mawili husemwa na wazee walioketi nje. La kwanza ni la huruma. La pili ni swali: "Nani amemtenda hivi?" Hawaulizi ni ugonjwa gani, wala ulianza lini, wala mgonjwa amekuwa akila nini. Huuliza nani. Na swali hilo likiisha kutamkwa, macho huanza kutafuta mtu wa kubebeshwa. Kwa kawaida humwangukia asiye na mtetezi: mjane mzee, mke asiyezaa, yatima alalaye jikoni, mgeni aliyekimbia vita kutoka mlima mwingine.

Wapenzi wasomaji, swali hilo si la wapumbavu. Ni la watu wenye uchungu, na uchungu hutafuta mahali pa kushika. Mwanadamu hustahimili njaa na baridi kuliko anavyostahimili kifo kisicho na sababu. Kwa hiyo haitoshi kuwacheka wanaouliza. Yafaa kulipima swali lenyewe, kama ni haki kuliuliza namna hiyo, na kama anayelijibu kwa haraka hatendi uovu mkubwa kuliko ugonjwa. Ili kulipima, isikilizwe kwanza habari ya kweli ya kitu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, ambacho wenye elimu walikidhania kuwa mwovu kwa muda wa miaka kumi, kumbe kilikuwa mlinzi.

Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo chembe hai, au seli. Hesabu yake hupita trilioni 30. Mtu akihesabu chembe moja kila sekunde, usiku na mchana, pasipo kula wala kulala, atahitaji miaka zaidi ya 900,000 kuzimaliza. Nazo zote zimetoka katika chembe moja tu, ile iliyotungwa tumboni mwa mama. Moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, na hivyo hivyo. Hata kwa mtu mzima kazi hiyo haikomi, kwa maana ngozi huchubuka, damu huchakaa, utumbo hujisugua, na chembe mpya hazina budi kuchukua mahali pa zile zilizokufa.

Ndani ya kila chembe, isipokuwa za namna chache, mna maandiko yaitwayo DNA, nayo ni kama kitabu cha maagizo. Herufi zake ni za namna nne tu, lakini zimepangwa moja baada ya nyingine kiasi cha bilioni tatu kutoka kwa baba na bilioni tatu kutoka kwa mama. Sehemu ya kitabu hicho yenye agizo la kazi fulani huitwa jeni. Chembe inapotaka kugawanyika, yaipasa kwanza kunakili kitabu chote. Mwalimu wa misioni aliyewahi kunakili daftari kuukuu la wakatekumeni katika daftari jipya ajua yampatayo mwandishi: hata akiwa mwangalifu, jina moja litarukwa, na baba wa mmoja ataandikwa kuwa baba wa mwingine. Wanakili wa chembe ni waangalifu kupita mwalimu yeyote, tena hujisahihisha wenyewe. Hata hivyo herufi ni nyingi, na siku ni nyingi. Tena kuna mambo yanayotoka nje na kuharibu ukurasa: moshi wa tumbaku, jua kali juu ya ngozi isiyo na weusi, sumu za vyakula vilivyooza.

Basi katika njia ya kugawanyika vimewekwa vizuizi. Watu wa nchi hizi wanavijua vizuizi vya barabarani, zile baryeri za kamba au za mti uliolazwa, ambapo mpita njia hutozwa fedha naye hapati ulinzi wowote. Vizuizi vya chembe ni vya namna nyingine. Kimoja kipo kabla ya kunakili kitabu, na kingine kabla ya kugawa nakala hizo mbili. Hapo kazi husimama ili maandiko yakaguliwe. Ukurasa ukikutwa umeraruka, kuna protini iitwayo ATM inayopeleka habari kama mjumbe, na ujumbe humfikia mkubwa wa kizuizi, ambaye wataalamu wamempa jina kavu la p53. Jeni lake huitwa TP53, nalo limeandikwa katika uzi wa 17 miongoni mwa jozi 23 za nyuzi za urithi.

Huyu p53 ana tabia njema ya kustaajabisha. Siku ya amani haonekani sana, maana chembe humtengeneza na kumwondoa papo hapo, asije akasimamisha kazi bila sababu. Siku ya hatari huachwa aongezeke. Naye hafanyi haraka ya kuua. Kwanza husimamisha kazi. Kisha huwaita mafundi watengeneze palipovunjika. Wakitengeneza vema, chembe huachiliwa iendelee na njia yake. Kama uharibifu umepita uwezo wa mafundi, ndipo chembe ile huamriwa isigawanyike tena, au ife kwa utulivu, na mabaki yake hutumiwa na jirani zake. Jambo hilo hutukia katika mwili wa kila mtu, wala mwenye mwili hasikii kitu.

Mlinzi huyo akiharibika mwenyewe, chembe mbovu hupita kizuizi bila kuulizwa, hugawanyika, na watoto wake hurithi ubovu na kuuongeza. Huo ndio mwanzo wa uvimbe wa saratani, ugonjwa ambao wengi huuita kansa. Karibu nusu ya saratani za wanadamu zina jeni la p53 lililoharibika.

Wazee wa msitu wa Walikale waliomjua tembo watapenda kusikia neno jingine hapa. Tembo ana mwili mkubwa mara nyingi kupita wa mtu, naye huishi miaka mingi. Kwa hesabu ya chembe zake angalipaswa kufa kwa saratani kuliko wanyama wengi. Lakini saratani humwua mara chache. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba tembo wa Afrika ana nakala 20 za jeni hilo kwa kila upande wa wazazi wake, ambapo mtu anayo moja tu. Kwa risasi, nakala hizo hazikumfaa kitu: katika milima ya mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo sehemu yake ya msitu wa chini yaingia Walikale, karibu tembo wote waliuawa katika vita vilivyoanza mwaka 1996.

Sasa isikilizwe namna mlinzi huyo alivyosingiziwa. Mwaka 1979 makundi kadhaa ya watafiti, huko London, Marekani na Ufaransa, yalimgundua p53 karibu wakati mmoja. Miongoni mwao walikuwamo David Lane na Lionel Crawford huko London, na Arnold Levine huko Princeton. Walimkuta wapi? Walimkuta katika chembe za uvimbe, akiwa tele, tena ameshikamana na protini ya kirusi kinacholeta uvimbe kwa wanyama. Nani angedhani vingine? Yupo mahali pa uovu. Yupo kwa wingi kuliko kawaida. Ameshikana na mhalifu anayejulikana. Mwaka 1984 ushahidi ukazidi: waliutia nakala za jeni lake katika chembe zilizo nzima pamoja na jeni jingine baya, na chembe zikageuka kuwa za saratani. Kesi ikaonekana imekwisha. Kwa muda wa miaka kumi vitabu vilimhesabu p53 katika kundi la watenda mabaya.

Mwaka 1989 ndipo mambo yalipogeuka. Katika Baltimore, kundi la Bert Vogelstein lilichunguza uvimbe wa utumbo mpana, likaona kwamba nakala moja ya jeni hilo imepotea na ile iliyobaki imeharibika. Jambo hilo ni la ajabu, maana kama kitu ndicho kinacholeta ugonjwa, mbona mgonjwa anacho pungufu kuliko mzima? Levine naye na wengine walirudi nyuma kuzikagua nakala walizozitumia katika majaribio ya zamani. Wakaona kosa. Nakala zile zilikuwa zimetwaliwa katika chembe zilizokwisha kuharibika, kwa hiyo zenyewe zilikuwa mbovu. Walipotia jeni zima, lisilo na kasoro, chembe hazikugeuka kuwa saratani; kinyume chake, zilizuiwa. Na kile kirusi kilichokutwa kimeshikana naye hakikuwa mshirika wake. Kilikuwa kimemkamata na kumfunga, ili kipite. Mwaka 1992 Lane alimpa p53 jina linalotumika mpaka leo: mlinzi wa jenomu, yaani mlinzi wa kitabu chote cha urithi.

Itazamwe vema sababu ya kosa lile. Watu wale hawakuwa wavivu wala waongo, nao walikuwa na vyombo vya thamani. Walikosa kwa njia ambayo kila mtu hukosa. Walimwona mmoja mahali palipo na msiba, wakasema yeye ndiye msiba.

Sasa msomaji aende kwa fikira mpaka nyumba yenye mgonjwa. Ni nani anayekutwa daima karibu na mtoto aliyevimba? Bibi yake. Ni yeye anayemnywesha uji, anayemfuta jasho, anayelala naye usiku mama akiwa shambani. Mkono wake umeonekana kikombeni. Mtoto alipokufa, alikuwa naye peke yake chumbani. Majirani wakitafuta wa kumshtaki, yeye ndiye aliye karibu kuliko wote, na kila tendo la ulinzi wake hugeuzwa kuwa ushahidi juu yake. Mfumu akiitwa, hana haja ya kwenda mbali.

Bali kuna tofauti moja kati ya kesi hizi mbili. Aliyesingiziwa mwaka 1979 alikuwa protini ndani ya chupa. Hakuona haya, hakulia, hakufukuzwa katika nyumba aliyoijenga. Wenye elimu walikuwa na miaka kumi ya kurudia kazi yao. Mjane aliyechomewa nyumba usiku hana miaka kumi. Mwezi wa Juni mwaka 2001, katika wilaya ya Aru, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mamia ya watu waliuawa kwa muda mfupi kwa kushtakiwa uchawi. Hakuna aliyerudi baadaye kuzikagua nakala.

Wengine watajibu: "Hayo ni ya Wazungu na chupa zao. Huku kwetu magonjwa yana asili nyingine." Haya, itwaliwe habari ya huku. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyetoka Ireland, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago huko Kampala. Aliletewa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mwingi akaona wengine. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, nao sasa huitwa kwa jina lake. Burkitt naye aliuliza swali, lakini hakuuliza nani. Aliuliza: wapi? Alipeleka karatasi za maswali katika hospitali za Afrika, na mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Williams na Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu karibu kilomita 16,000 kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali: Mmewaona watoto wa namna hii?

Jibu lililotokea lilikuwa la ajabu. Ugonjwa ulipatikana katika nchi za chini zenye joto na mvua. Karibu na ikweta, katika nchi zilizopita kimo cha mita 1500 hivi, haukuonekana, au ulionekana kwa nadra. Watu wa Masisi, wakaao juu ya vilima vinavyopita mita 2000, na watu wa Walikale, wakaao chini penye msitu na mito, wafikiri neno hili. Je, wachawi huchoka kupanda mlima? Je, husimama Walikale na kuogopa baridi ya Masisi? Chuki ipo milimani kama ilivyo bondeni, na wivu pia. Lakini yupo mmoja anayesumbuliwa na baridi ya mlima, naye ni mbu wa malaria. Baadaye ilijulikana kwamba malaria inayorudi mara nyingi hudhoofisha kinga ya mtoto, na kwamba kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964, katika chembe za uvimbe zilizopelekwa kutoka Uganda, hupata nafasi katika damu yake. Katika kazi ya kugawanyika kipande cha uzi wa urithi hukatika na kuungwa pasipo pake, vizuizi hushindwa, na taya huvimba. Burkitt angemtafuta mtu, angempata, kama kila atafutaye mtu anavyompata. Alitafuta mahali, akampata mbu.

Habari ya pili ni ya mahindi. Kuvu ya rangi ya manjano na kijani huota juu ya mahindi na karanga zilizowekwa ghalani zikiwa bado na unyevu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu ikiwa nyingi huua haraka: mwaka 2004, huko Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Ikiwa kidogo, ikaliwa mwaka baada ya mwaka, huenda ini. Hapo hufanya jambo la kuogofya. Mwaka 1991 wachunguzi wa saratani za ini kutoka China na kutoka kusini mwa Afrika walikuta kwamba jeni la p53 limeharibika mara nyingi mahali pamoja pale pale, katika neno la 249, herufi moja ikiwa imebadilishwa kwa namna ile ile. Ndiyo alama ya kidole cha aflatoksini. Inamwendea mlinzi mwenyewe na kumharibu. Na mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya aina B akila sumu hiyo, hatari yake huwa kubwa mno kuliko ya mwenye kimoja tu.

Hapa ndipo swali la haki linapokuwa gumu, wala lisirukwe. Kama kuvu ndiyo iliyomwua baba, je, alaumiwe mama aliyepika mahindi yale?

Wakatekumeni wamefundishwa kwamba neno haliwi dhambi ya mauti pasipo mambo matatu: neno lenyewe liwe zito, mtu ajue, na akubali kwa moyo. Mama yule hakujua. Sumu haina harufu wala ladha ya kumwonya, kupika hakuiondoi, na mahindi hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Alipika kwa upendo. Kumlaumu ni kumtafuta mchawi mwingine kwa jina jipya, na ingekuwa aibu kama elimu ya vijidudu ingewapa watu fimbo nyingine ya kuwapigia wanawake. Lakini mchuuzi ajuaye kwamba magunia yake yamepata kuvu, akayachanganya na mahindi mema ili yasitambulike, akauza sokoni, huyo amejua na amekubali. Na tena: kwa nini mahindi yalivunwa kabla ya kukauka, yakafichwa ndani ya shimo lenye maji? Kwa sababu watu walikuwa wakikimbia. Tangu mwaka 1993 vita vimerudi Masisi na Walikale mara nyingi hata watoto wa wakati ule wana watoto. Mkulima anayevuna huku akisikiliza bunduki hawezi kutandika mahindi juani siku nne. Wenye bunduki hawafikiri kwamba wameua mtu kwa ini lake miaka ishirini baadaye, lakini sehemu ya lawama hiyo ni yao, zaidi sana kuliko ya bibi yeyote.

Aliyekwisha kujua ana wajibu mpya. Mahindi na yaanikwe juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu. Yaliyoota kuvu yatupwe, wala yasigeuzwe pombe, kwa maana sumu haifi katika mtungi. Mtoto mchanga apelekwe kituo cha afya kwa chanjo katika juma la 6, la 10 na la 14, maana ndani yake mna kinga ya homa ya ini ya aina B.

Kuna shitaka moja jingine, zito kuliko mengine, nalo husemwa hivi: "Ukoo ule umelaaniwa. Mama alikufa kwa uvimbe wa titi akiwa kijana, mwanawe kwa uvimbe wa mfupa, mjukuu kwa uvimbe wa ubongo." Ni kweli koo za namna hiyo zipo, ingawa ni chache. Mwaka 1969 madaktari wawili wa Marekani, Frederick Li na Joseph Fraumeni, waliandika habari za jamaa nne zilizopatwa hivyo. Mwaka 1990 sababu ikaonekana: katika jamaa za namna hiyo watu huzaliwa na nakala moja ya p53 iliyokwisha kuharibika, na kila mtoto wa mwenye nakala hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Hakuna aliyekosa. Bwana wetu alipoulizwa na wanafunzi kama kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, alikataa yote mawili. Ukoo wa namna hiyo wahitaji rafiki na daktari. Mara nyingi hupata watu wanaoogopa kuoa kwao, wala hawasemi sababu.

Sasa mtu mwenye akili aweza kuyageuza maneno haya yote na kusema: "Vema. Mwili wenyewe huua chembe mbovu ili mwili wote upone. Basi kijiji nacho kikimwondoa mtu mbaya, kimefuata sheria ya Mwumba." Maneno haya yasipite bila kujibiwa, kwa maana yamesemwa juu ya watu kwa namna nyingi, si juu ya wachawi tu. Katika nchi za Kivu na za jirani zake wako waliowaita watu wa kabila jingine ugonjwa, au wadudu, kabla ya kutwaa mapanga.

Jibu ni hili. Chembe haina jina. Haikuumbwa kwa ajili yake yenyewe. Ipo kwa ajili ya mwili, na nje ya mwili si kitu. Mtu si chembe ya kijiji. Mtu mmoja ni mzima kamili, mwenye roho yake, hata akiwa kizee kisicholima tena. Kayafa alifikiri kwamba yafaa mmoja afe kwa ajili ya watu, na kila Ijumaa Kuu hukumbushwa alikuwa nani yule mmoja. Kisha, hata mtu akitaka kujifunza kwa p53, asiruke sehemu ya kwanza ya kazi yake. Yeye husimamisha. Hukagua maandiko yenyewe, si uvumi wa jirani. Huita mafundi. Kijiji kinachomfukuza mjane usiku ule ule mfumu aliponena hakikusimamisha neno wala kukagua kitu. Kimefanana na chembe iliyopoteza mlinzi wake, inayokwenda mbio kwa sababu hakuna tena wa kuiambia ngoja.

Litabaki swali moja, nalo ni la kweli. Mama aliyefiwa atasema: "Nimesikia habari ya mbu na ya kirusi. Watoto wote wa Walikale huumwa na mbu. Kwa nini wangu?" Elimu hapa yajibu kidogo tu: miongoni mwa chembe nyingi mno zilizogawanyika siku ile, moja ilinakiliwa vibaya, na mlinzi hakuizuia. Hakuna mkono wa mtu nyuma ya kosa lile, kama usivyokuwapo mkono wa mtu nyuma ya jiwe linaloteleza mlimani baada ya mvua. Jibu hilo halimfariji mama, na asiyefiwa asijifanye kwamba latosha. Lakini ni afadhali swali libaki wazi, na jirani walikalie pamoja naye, kuliko kulifunga kwa mwili wa mtu asiye na hatia. Uchawi unapendwa kwa sababu hujibu upesi. Pia huwapa majirani kazi ya kufanya usiku ule, ambapo kuketi kimya na mwenye msiba ni kazi nzito kuliko zote.

Serikali ya Kongo nayo imesema neno juu ya sehemu moja ya jambo hili: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza mtoto kushtakiwa uchawi, na inamwadhibu amshtakiye. Mwalimu, au mkubwa wa kijiji, au mzazi wa ubatizo, aweza kuitaja sheria hiyo mbele ya wazee pasipo kuogopa kwamba anawadharau.

Uvimbe wa taya alioueleza Burkitt hukua upesi kuliko uvimbe wote wa wanadamu unaojulikana. Chembe zake zaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Juma moja la kumtafuta mfumu, na jingine la kumtafuta mbuzi wa kumlipa, na mtoto hawezi tena kumeza. Nao ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa kuliko nyingine. Katika miaka ya 1960, huko Kampala, Burkitt aliwapa watoto dawa moja iitwayo siklofosfamidi, wengine dozi chache tu, kwa maana hakuwa na vyombo vingine. Uvimbe wa wengi ulipungua ndani ya siku chache. Wengi ulirudi, wakafa. Baadhi yao haukurudi, wakakua kuwa watu wazima.